Nyumba Iliyoupa Mlima Mgongo

Odeta alinipigia simu asubuhi nikiwa karakanani kwangu hapa Goma, na nilipoona jina lake tu nikajua. "Papa Faustin," akasema, "Mama ametuacha. Tutamuzika kule kwake, Kibumba. Utamutengenezea sanduku?" Nikamwambia nitaanza sasa hivi. Nikasikia watu wakizungumza nyuma yake na kikombe kikiwekwa mezani, kisha akasema, "Na ukuje tubebe dirisha." Sikumuuliza dirisha gani. Nimetengeneza madirisha mengi tangu niwe fundi, mengine yako katika nyumba za ghorofa kando ya ziwa, lakini kati yangu na familia ile dirisha ni moja tu. Nikiulizwa nilijifunzia wapi useremala, huwa nataja karakana ya mjini nilikoanzia, kwa heshima ya mzee aliyenifundisha kushika randa. Ukweli ni kwamba nilijifunza Kibumba, katika mwaka mmoja, kwa kukosea vibaya mbele ya watu. Sanduku la Mama Vestina nililitengeneza kwa mbao nyekundu ya libuyu, mbao ileile ya dirisha lake, na muda wote nilipokuwa nikipiga randa nilikuwa nimerudi kule kwenye baridi, nina miaka ishirini na miwili na najiona fundi mkubwa.

Mama Vestina alikuja mwenyewe kunichukua. Wakati huo alikuwa mjane wa miaka thelathini hivi, mrefu, mtoto mgongoni, naye mtoto huyo ndiye Odeta. Alikuwa na kibanda kando ya barabara inayotoka Goma kwenda Rutshuru, pale ambapo magari yakishamaliza kupanda yanasimama ili injini ipoe. Aliuza viazi vya kuchoma na chai ya maziwa. Siku hizo wageni walikuwa wengi kwenye barabara ile. Wengine walitoka kupanda volkano ya Nyiragongo, wengine walikuwa wakienda kuona sokwe msituni, na madereva wao walipenda kusimama kwa Mama Vestina kwa sababu chai yake haikuwa ya kubania. Lakini kibanda kilikuwa na kuta mbili tu, na mvua ya Kibumba inapiga kutoka pande zote. Alisimama mbele ya meza yangu ya kazi, akatazama viti nilivyokuwa nimepanga, akasema, "Fundi, mi nataka nyumba ya bageni. Mutu akishuka mu motokari aone mulango, aone rido, aseme hapa kuna bantu." Mzee wangu wa karakana alikuwa na kazi nyingi, akanitoa mimi. Ilikuwa nyumba yangu ya kwanza kuijenga peke yangu tangu jiwe la chini mpaka bati. Nililala nayo kichwani, niliamka nayo.

Niliijenga vizuri, hilo nitalisema hata leo. Msingi wa mawe meusi ya volkano, kuta za mbao za mikaratusi, sakafu iliyoinuliwa ili ubaridi wa ardhi usipande miguuni. Kwetu nyumba inaangalia barabara. Ukijenga nyumba ikaangalia kwingine, watu watauliza umegombana na nani. Kwa hiyo upande wa barabara niliupa baraza, mlango wenye paneli na madirisha mawili makubwa ambayo Mama Vestina aliyavika mapazia, rido zake za maua ya njano. Upande wa nyuma, ambako ndiko upepo wa mlimani unakotokea, niliupiga mbao mbili mbili, ubao juu ya ubao, nikaziba kila ufa kwa matambara na lami. Sikuacha hata tundu la msumari. Huko nyuma tukachimba choo, na karibu na choo ikakaa lundo la maganda ya viazi, na kamba ya nguo, na mbuzi. Mzee Semivumbi, jirani aliyekuwa na ng'ombe watano na neno la kusema juu ya kila kitu, alikuja siku ya kupiga bati. Akaingia ndani, akapitisha kiganja kwenye ukuta wa nyuma kutoka kona hadi kona akitafuta upepo. "Hapa ata upepo hautapata njia," akasema. "Huyu kijana anajua kazi." Nilivimba kichwa kwa wiki nzima.

Sikuondoka nyumba ilipokwisha, kwa sababu kulikuwa na meza za kutengeneza, na viti, na vitanda vinne vya chumba cha wageni wa kulala. Mama Vestina alinipa chumba kidogo kilichoshikana na jikoni, kati yetu ukuta wa ubao mmoja tu. Nadhani mwaka ule ndio niliokula vizuri kuliko miaka yote. Asubuhi viazi vya moto na mashanza, yale maziwa ya mgando mazito ambayo kijiko kinasimama. Mchana maharage yenye vitunguu vya majani, kabichi, na siku ambayo Deo amepanda kutoka Goma, sambaza. Deo alikuwa dereva wa wageni, mtu mnene mwenye kofia ya ngozi, na kila alipopitia soko la ziwani la Kituku asubuhi alinunua samaki wale wadogo akawafunga kwenye majani akampelekea Mama Vestina. Mimi niliamini anamtaka uchumba. Mama Vestina aliamini anataka kiti cha karibu na mbabula, lile jiko la makaa. Jioni jua likishuka, wanawake wa kilima waliingia jikoni kuota moto kidogo kabla ya kurudi kwao, na mimi upande wa pili nikiwa nasugua miguu ya viti nilisikia kila kitu. Nilijua nani amekosana na mama mkwe na nani amepata viatu vipya. Nilisikia pia, mara kwa mara, jinsi walivyoitaja nyumba ile. "Kama gari inasimama kwa Vestina, na kwetu kunaiva," mmoja alisema, nao wengine wakaitikia.

Alisema kweli. Mpaka siku hizo sikuwa nimewahi kufikiri jinsi barabara inavyolisha watu. Niliona barabara kama kitu cha kufika mahali. Lakini gari moja la wageni likisimama, kilima kizima kinajua. Viazi vilitoka shamba la mjane wa chini ya kanisa, maziwa kwa mzee Semivumbi, jibini kwa mchungaji mmoja aliyeshuka nayo kutoka milima ya Masisi ikiwa imefungwa kwa nguo safi. Wanawake wawili walisuka vikapu wakivitundika kwenye uzio wetu. Vijana waliokwenda kubeba mizigo ya wageni kwenye volkano walikuwa wakiitwa kutoka barazani kwetu, Deo akisimama tu na kupiga honi mara tatu. Hata mashimo ya barabarani, watu waliyajaza wenyewe kwa changarawe za volkano, kila familia kipande chake, ili magari yasiogope kupanda. Mwaka ule kanisa lilipata kengele. Kwa hiyo nyumba niliyoijenga haikuwa ya Mama Vestina peke yake, nami nilijua hivyo, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniumiza sana.

Yalianza na kiangazi, wageni walipokuwa wengi. Walishuka garini, wakapanda baraza, wakasifu rido, wakaketi. Mama Vestina aliweka viazi mezani na chai. Mgeni wa kwanza akaomba choo, akaelekezwa nyuma. Akakawia. Akaenda wa pili kumtafuta, naye akakawia. Baada ya muda meza nzima ilikuwa tupu, viazi vinapoa, na Deo amekaa peke yake anakula vya wote. Ikawa hivyo kesho, na keshokutwa, na kwa kila gari. Wengine walirudi na nyuso za ajabu, hawasemi kitu, macho yamelowa. Wengine hawakurudi mezani kabisa, walizunguka moja kwa moja hadi garini. Kwa mtu anayepika, kuna maana moja tu ya mgeni anayeonja chakula chako kisha akakaa chooni nusu saa huku anatoka machozi. Mama Vestina alianza kuchemsha maji mara mbili. Akamenya viazi badala ya kuvichoma na maganda. Akaacha kuweka vitunguu. Mwishowe akaacha kununua maziwa ya mzee Semivumbi, akatuma mtu mpaka Rugari kuleta mengine, na habari hiyo ilimfikia mzee kabla maziwa hayajafika. Alikuja akasimama barazani, hakuingia. "Vestina, ng'ombe yangu imeua nani?" akauliza. Mama Vestina akatazama chini. Tangu siku hiyo mzee akawa anapita mbele ya nyumba akitazama upande mwingine wa barabara.

Deo naye alifika siku moja akavua kofia, nami nikaona mambo yameharibika, maana kofia ile hakuivua hata kanisani. "Mama Vestina, miye nakupenda, unajua," akasema. "Lakini siwezi kuwa naleta bantu bazima, kisha nangoja bagonjwa. Juzi, kisha saa mbili nzima, tulikuwa bado hapa. Bakiendelea hivi, nitakuwa nasimama Rugari." Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha. Deo akihama, madereva wengine wangemfuata. Mama Vestina aliingia jikoni akajishughulisha na masufuria ambayo yalikuwa safi. Kisha akanifuata kwenye chumba changu cha kazi, akafunga mlango. "Fundi, weye uko mwanaume, mi siwezi kwenda kuangalia bageni ku choo. Wende uone kama banaumwa kabisa, ao banakataa tu chakula yangu." Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Lakini alikuwa amenilisha mwaka mzima kasoro miezi minne, ningekataa vipi?

Basi asubuhi ya gari lililofuata nilichukua nyundo, nikajifanya naenda kurekebisha mlango wa banda la mbuzi. Nilizunguka kona. Nilitegemea kuwakuta wameinama, wameshika matumbo. Nikawakuta watano, wamesimama wima kando ya lundo la maganda kama watu walio kanisani, wamenipa migongo, na mlango wa choo uko wazi na hakuna mtu ndani. Wa sita, mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe, alikuwa amegeuza beseni letu la kufulia akaliketia. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Nikageuka kuona wanatazama nini.

Mawingu yalikuwa yamepasuka. Mlima Mikeno ulikuwa pale, wote, kutoka kwenye msitu mpaka kwenye jiwe la juu kabisa. Sijui nieleze vipi bila kuonekana mwongo kwa watu wanaoupita kila siku kwa basi. Msitu ulipanda mweusi, ukapanda, nikadhani umekwisha, nikainua macho na bado ulikuwa unapanda, kisha mwamba ukachomoka kutoka ndani yake, mkali, wenye mikunjo mirefu ambamo ukungu mweupe ulikuwa ukishuka polepole. Ulikuwa karibu sana. Nilirudi nyuma hatua moja nikashika nguzo ya choo. Niliogopa, na ninalisema hili bila haya, niliogopa kama mtu aliyegundua kwamba kuna mtu mwingine chumbani tangu mwanzo. Nilikuwa nimeishi chini yake miezi minane. Nilikuwa nimepiga misumari kwenye ukuta ule nikiwa nimeupa mlima mgongo, siku baada ya siku, macho yangu kwenye mbao, na nilipogeuka ilikuwa ni kuokota msumari au kufukuza mbuzi. Nilijua kuna mlima. Mvua inatoka huko, upepo unatoka huko, ukipotea msituni unakwenda huko. Kuutazama ni kitu kingine, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni kazi ya mtu. Yule bibi wa nywele nyeupe aliniona nimeduwaa na nyundo mkononi. Akasogea kwenye beseni akaacha nafasi, nami nikakaa. Tulitazama mpaka wingu likarudi, kisha akanigusa bega, akaenda garini.

Sasa inakuja sehemu ambayo sijawahi kuipenda. Nilielewa palepale. Wageni hawakuwa wagonjwa, chakula hakikuwa na kosa, maziwa ya mzee Semivumbi hayakuwa na kosa. Watu walivuka dunia kuja kuona mlima, wakafika mahali ambapo mlima unaonekana kuliko pote kwenye barabara ile, na hapo mimi nikawajengea ukuta. Nikawafungulia madirisha mawili makubwa wakae waangalie magari yao wenyewe na mikaratusi ya ng'ambo. Nyumba yangu ya kwanza, niliyosifiwa mbele ya kilima kizima, ilikuwa imegeuzwa nyuma mbele. Nilirudi ndani, Mama Vestina akaniuliza kwa macho, nami nikasema, "Sijaona muzuri." Nikasema hivyo. Kwa siku nne nilimwacha aendelee kukataa maziwa mazuri kwa sababu sikutaka mtu aseme Faustin alikosea. Nilijiambia nitasema kesho. Nilisugua kiti kimoja mara tatu ili niwe na kazi mikononi.

Jioni ya siku ya nne walikuwa jikoni, yeye na wale wanawake, nami upande wa pili wa ubao. Mmoja alikuwa anamsihi asifunge. Mama Vestina alijibu kwa sauti ya chini, bila kulia, na ningependa angelia. "Mama yangu aliniachia mukono ya kupika, basi," alisema. "Sina kingine. Kama chakula yangu inaumiza bantu, nitasimamisha motokari ya bantu juu ya nini? Nitafunga. Mungenisamehe tu juu ya biazi yenu." Nikasikia mtoto Odeta akigonga kijiko kwenye sufuria, halafu wakaondoka mmoja mmoja. Niliweka chini msasa. Nilipita mlango wa jikoni, nikamwambia, "Mama, si chakula. Ni mimi." Alidhani naomba ruhusa ya kuondoka. Nikamwambia asubuhi atoke nyuma pamoja nami, mapema, kabla hajawasha moto.

Alitoka amejifunga mtoto na blanketi juu yake. Tulisimama kando ya maganda. Mlima ulikuwa wazi, mweusi bado, jua likiwa nyuma yake, na ukingo wake umewaka. Nikamweleza yote, hata zile siku nne. Hakunitazama. Alitazama juu kwa muda mrefu, mdomo umeachia kidogo, na nikaona kwamba naye, aliyezaliwa pale, alikuwa akiuona mara ya kwanza. Odeta alinyoosha mkono kutoka kwenye blanketi kuuelekea. "Kumbe si biazi," Mama Vestina akasema mwishowe. Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akanigeukia, na nilistahili kila neno. "Siku ine, fundi. Ulinikalisha na haya siku ine. Nitakusamehe ukishamaliza." Nikauliza nikishamaliza nini. Akaonyesha ukuta wangu. "Kutoboa ile."

Kwanza alikwenda kwa mzee Semivumbi, kwa miguu, na kibuyu kitupu mkononi, akaomba msamaha mbele ya ng'ombe wake. Mzee alimjazia kibuyu lakini akaja nyuma yake mpaka kwetu kupinga kazi. Nyumba haifunguliwi upande wa upepo, alisema. Watu watalala na kikohozi. Isitoshe, mlima ni wa nini kuutazama? Yeye ameishi miaka sabini hajautazama, na amekosa nini? Mama Vestina akamwambia akae anywe chai. Nilikwenda Goma nikarudi na vioo vimefungwa kwenye majani ya migomba, juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, na mbao za libuyu ambazo mzee wangu alinipa bila kuniuliza maswali. Kuingiza msumeno katika ukuta uliouziba kwa mikono yako mwenyewe, huku watu wamekaa wanakuangalia, ni jambo ambalo namtakia kila fundi kijana. Nilikata upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mbao zilipoanguka nje, mwanga uliingia mpaka ukutani upande wa pili, ukaonyesha vumbi lote. Hakukuwa na mlima. Kulikuwa na wingu jeupe tu, limekaza kama shuka.

Na siku hiyohiyo, dirisha likiwa bado linanuka gundi, Deo akafika. Alikuwa amesema anawapitisha wageni wake mpaka Rugari, lakini mmoja wao alikuwa na kiu. Wanne wakaingia, wakaona dirisha jipya na weupe nyuma yake, wakanywa chai wakaanza kutafuta makoti. Deo alikuwa amesimama tayari. Nilimwona Mama Vestina akitoka jikoni na sinia la viazi, vya kuchoma, na maganda yake, na vitunguu. Aliona makoti. Aliona Deo ana funguo mkononi. Aliweka mkono mmoja kiunoni akawaambia wageni kwa Kiswahili, kama vile wote wamezaliwa Rutshuru, "Mukae. Atatoka." Deo akacheka, akatafsiri. Mama Vestina hakusema mlima utatoka, alisema atatoka, kama mtu aliye chumbani anajivika. Wakakaa, labda kwa adabu. Wakala. Wakaomba vingine. Nilikuwa mlangoni naomba kwa ndani, mimi nisiyejua kuomba, wala sikuombea mlima, niliombea kwamba wasinyanyuke. Kisha weupe ukaingia kivuli, kivuli kikawa msitu, na jiwe la juu likatokea peke yake juu ya wingu, mahali ambapo hakuna aliyedhani kuna kitu, juu mno. Mmoja wa wageni aliweka uma chini polepole. Mama Vestina alibaki na sinia hewani, alisahau kuliweka mezani. Mzee Semivumbi, aliyekuwa kwenye kona yake na chai yake, alisimama, akavua kofia, akabaki hivyo. Deo alirudisha funguo mfukoni.

Jumapili iliyofuata watu wa kilima waliingia baada ya ibada, wakiwa na nguo zao nzuri, wakapanga viti kuelekea dirisha. Wangeweza kusimama nje bure. Lakini walitaka kuuona kutoka ndani, wameketi, wana kikombe. Wakaanza kuonyeshana mabonde. Kabla mwaka haujaisha, madirisha yalikuwa yanatobolewa migongoni mwa nyumba kote kando ya barabara ile mpaka Kalengera, hata kwenye nyumba ambazo nyuma yake kuna bustani ya jirani tu. Nilitengeneza mengi yao. Magari yalisimama mahali pengi, kila mahali watu wakauza chao, na sisi hatukupungukiwa. Maneno ya Mama Vestina yakawa desturi ya nyumba. Ukifika kuna wingu, hupewi hesabu ya chakula wala koti. Unaambiwa ukae.

Ya baadaye, ya vita, kila mtu wa huku anayajua, nami sitayasimulia. Barabara ilinyamaza kwa miaka, ikafunguka, ikanyamaza tena. Mama Vestina alikimbia mara nyingi kuliko vidole vya mkono mmoja, na mara ya mwisho aliposhuka Goma alikuwa na godoro, sufuria na dirisha. Watu walimcheka njiani, yeye na Odeta wamelibeba huku na huku kama mgonjwa. Katika chumba cha kupanga alikokaa alilisimamisha ukutani nyuma ya kitanda. Nilipomwambia naweza kulifunga mahali pake, alinitazama kama siku ile ya siku nne. "Hapa litaangalia nini, fundi?" akasema. "Liache lipumuzike."

Tulimpandisha Kibumba siku ya Jumamosi, sanduku nyuma ya pikapu na dirisha kando yake, nami nimekaa kati yao nimelishika. Nyumba haikuwepo. Mbao zangu zilikwenda kwenye mioto ya watu waliokuwa na baridi, na sina kinyongo nao. Msingi wa mawe umebaki, na ndani yake watu walikuwa wamelima viazi. Odeta aliniomba nisimamishe dirisha mahali pake, nikachimbia nguzo mbili nikalifunga kwa kamba, kioo kimoja tu kilikuwa kimevunjika. Sanduku tukaliweka mbele yake. Watu walikuwa wengi, wajukuu wa mzee Semivumbi, wanawake wa vikapu waliobaki, watu nisiowajua. Nyuma ya dirisha kulikuwa na wingu. Mchungaji akafungua kitabu, akakohoa, na Odeta, ambaye ana miaka arobaini sasa na kiuno cha mama yake, akasema, "Pasta, tunaomba radhi. Tungoje kidogo." Mchungaji alikuwa kijana wa mahali pengine. Alitazama saa, akatutazama sisi, akaona hakuna hata mmoja anayeshangaa. Akafunga kitabu. Tukakaa juu ya mawe ya msingi wangu, kundi zima la waombolezaji limegeukia upande mmoja, tunatazama weupe. Sikumbuki mara ya mwisho nilipolia mbele ya watu, lakini siku ile nililia bila kujificha.

Hapo ndipo nikasikia gari likipunguza mwendo barabarani. Siku hizi magari yanapita tena, machache, na hayasimami, kwa sababu hakuna kitu cha kusimamia. Hili lilisimama. Wakashuka vijana watatu wa Goma, msichana na wavulana wawili, wamevaa vizuri, simu mikononi, na wakaona watu wote wale wametulia wametazama kusikokuwa na kitu. Walisogea mpaka kwenye ukingo wa shamba wakasimama kwa heshima. Msichana akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, kuna nini hapa?" Odeta akanyanyuka kutoka kando ya sanduku. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akawaendea katikati ya mistari ya viazi, akasogeza jiwe moja kwa mguu, na la pili, wapate pa kuketi.

"Mukae," akawaambia. "Atatoka."